Wayahudi wanasali namna gani wakati hawawezi kukutana?

Kwa Wayahudi kuna sala ambazo mtu hawezi kusema kama watu kumi hawajakutana. Hesabu hiyo inaitwa minyani. Kwa desturi ya zamani ni wanaume kumi, kuanzia kijana wa miaka 13. Katika makundi mengine ya leo wanawake pia wanahesabiwa. Wakiwa tisa, Tora haisomwi mbele ya wote pamoja na baraka zake. Wakiwa tisa, aliyefiwa hasemi Kadishi, ile sala ya kusifu Mungu ambayo mtoto anasema miezi 11 kisha kifo cha mzazi wake. Ndiyo sababu katika miji yenye Wayahudi wachache, mzee anaweza kusimama kwenye mlango wa sinagogi akingojea mtu wa kumi, na saa inaenda.

Sasa inakuwa namna gani wakati ugonjwa, vita ao amri ya serikali inakataza watu kukutana kabisa?

Hakuna mkaaji wa Ituri anayehitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola ilifanya familia nyingi za mashariki zizike watu wao wakiwa wamesimama mbali. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa makanisa na misikiti juu ya Korona. Na katika Djugu na Irumu kuna watu waliokimbilia porini zaidi ya mara moja, siku ya Mungu ikawapata huko bila mchungaji, bila kwaya, bila ngoma.

Wayahudi wa Kongo ni wachache. Sinagogi zao zinajulikana Kinshasa na Lubumbashi, mji ambako familia zilizotoka kisiwa cha Rhodes zilifanya biashara tangu wakati wa Wabelgiji, na ambako rabi Moïse Levy alifika mwaka wa 1937. Lakini mfano ulio karibu zaidi na Bunia uko ngambo ya mpaka, Uganda.

Miaka minane ya kusali kwa siri

Mfanyabiashara wa Bunia anayeenda Kampala kwa njia ya Mahagi na Goli, kama akiendelea mashariki kupita Jinja, atafika Mbale, mji ulio chini ya mlima Elgon, inchi ya kahawa. Kwenye vilima vya pembeni wanaishi Abayudaya, ni kusema Wayuda kwa Kiluganda. Hawakutoka Ulaya wala Israeli. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, alikuwa mkuu wa vita Mganda aliyesaidia Waingereza kushika mashariki ya Uganda, kisha akakosana nao. Alisoma Agano la Kale, akaamua kulifuata vile lilivyoandikwa. Mwaka wa 1919 alijitahiri, yeye na watoto wake wanaume. Mwaka wa 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 hivi kwa Kiluganda, chenye kuongoza watu wake katika imani hiyo. Karibu na wakati huo Myahudi mmoja mgeni, jina lake Yosefu, alikaa nao miezi kama sita, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Kisha akaenda zake. Kakungulu alikufa mwaka wa 1928, na watu wake wakabaki wenyewe, mbali na Wayahudi wengine wote wa dunia.

Kwa hiyo upweke wao haukuanza na Idi Amin. Lakini Amin aliuingiza mpaka ndani ya nyumba. Alishika utawala mwaka wa 1971, akafukuza Waisraeli mwaka wa 1972, ibada za Kiyahudi zikakatazwa na sinagogi zikafungwa ao kuharibiwa. Mwaka wa 1976 ndege ya Air France iliyotekwa ilitua Entebbe, na askari wa Israeli wakaja usiku kukomboa mateka. Mtu anaweza kuwaza ilikuwa namna gani, kisha usiku ule, kwa mkulima wa Mbale aliyejulikana kuwa anashika Sabato ya Wayahudi.

Wale waliobaki walisali ndani ya nyumba, milango imefungwa, sauti chini. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alikamatwa kwa sababu alijenga kibanda cha sikukuu ya Vibanda, na akakombolewa kwa mbuzi watano. Kibanda cha matawi, kitu ambacho huku kwetu mtoto anajenga akichunga mbuzi! Ndiyo hatari ya ibada inayoonekana. Zaburi inayosemwa kitandani haionekani.

Hata hivyo mtu asidanganyike juu ya hesabu. Mbele ya Amin, Abayudaya walikadiriwa kuwa 3,000. Alipoanguka mwezi wa nne 1979, walibaki kama 300. Ni kusema, kati ya kumi, tisa walikuwa wameenda, wengi wakiwa wameingia Ukristo ao Uislamu, na hakuna wa kuwalaumu. Sala ya peke yake ilitosha kwa wachache wenye shingo ngumu. Kwa watoto wao ilikuwa kazi zaidi, juu mtoto hajifunzi sala asiyoisikia. Vijana ndio waliorudisha mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi lao lilikutana kwenye kilima cha Nabugoye, ndani yake J.J. Keki na Gershom Sizomu, mjukuu wa Samson Mugombe aliyeongoza sala katika miaka ile mibaya. Walianza kuimba Zaburi kwa Kiluganda, kwa sauti za kwao. Mwaka wa 2003 nyimbo hizo zilitoka kwenye sahani ya Smithsonian Folkways ya Marekani, ikapendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Sizomu alifanywa rabi huko Los Angeles mwaka wa 2008, akarudi nyumbani.

Kinachoanguka, kinachobaki

Sheria ya Kiyahudi haimwachi mtu aliye peke yake mikono mitupu. Inamnyanganya vitu vichache, inamwachia vingi. Sala tatu za kila siku zinabaki: ya asubui, ya mchana na ya magaribi. Shema, ile ya kutangaza kwamba Mungu ni mmoja, inabaki. Baraka za chakula zinabaki. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawajui. Shema yenyewe, vile inavyosomwa katika sala, ina maneno 245. Sinagogini kiongozi anarudilia matatu ya mwisho ili yafike 248, hesabu ambayo wazee walisema ndiyo ya viungo vya mwili. Katika desturi ya Wayahudi wa Ulaya, mtu anayesali peke yake anaongeza maneno matatu mwanzoni, ili hesabu yake pia itimie. Walimu walimfikiria huyo mtu, wakamwekea njia yake.

Katikati ya sala tatu hizo kuna Amida, ni kusema «kusimama». Mtu anasogea hatua tatu mbele, anaunganisha miguu, anasema baraka 19 akiwa amesimama. Midomo inachezacheza, lakini jirani hasikii. Mfano walioufuata ni wa Hana, mama ya Samweli, yule ambaye kuhani Eli aliwaza kwamba amelewa. Wakristo wengi wa Bunia wanamjua Hana kwa habari ya kuomba mtoto. Kwa Wayahudi yeye ni mwalimu wa namna ya kusali. Kwa hiyo hata sinagogini, ndani ya watu mia, sehemu kubwa ya sala kila mtu anaifanya yeye na Mungu wake. Aliyefungiwa nyumbani tayari anaijua kazi hiyo.

Ndani ya Amida kuna nafasi ya maneno ya mtu mwenyewe. Kwenye baraka ya 8, ya kuponya wagonjwa, mtu anaweza kutaja jina la mgonjwa wake pamoja na jina la mama yake. Kwenye baraka ya 16, ya kusikiwa, anaweza kuleta shida yake yoyote kwa luga yoyote: karo ya mtoto, mume aliyepotea njiani, risasi zilizosikika usiku. Sinagogini nafasi hiyo inapita mbio juu wengine wanangojea. Nyumbani hakuna anayengojea. Hapo ndipo kuwa peke yake kunaweza kuongeza kitu, kama mtu anakubali kusimama.

Adui mkubwa wa sala ya nyumbani ni mazoea. Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa karibu na mwaka wa 200, kinaonya kwamba mwenye kufanya sala yake kuwa kazi ya kupangiwa tu, sala hiyo si ombi tena. Wayahudi wanaita nia ya moyo kavana. Wazee wa zamani walijulikana kwa kukaa kimya saa nzima mbele ya kufungua kinywa. Hilo ni gumu kwa mama mwenye watoto sita katika chumba kimoja, lakini hata dakika mbili za kukaa, telefone imezimwa, zinabadilisha mambo. Wengine wanatafuta pembe moja ya nyumba na kusali hapohapo kila siku, jambo ambalo walimu walilisifu tangu zamani.

Saa pia ina maana. Walimu wanasema asiyeweza kufika sinagogini asali saa ileile ambayo wengine wanasali. Hawamuoni, hawamsikii, lakini anaenda pamoja nao. Na anageukia Yerusalemu, kama Danieli aliyefungua madirisha yake mara tatu kwa siku, hata kisha amri ya mfalme kumkataza.

Walioandika Mishna hawakusahau barabara yenye hatari. Rabi Yoshua alifundisha kwamba mtu anayepita mahali pa kutisha aseme sala fupi tu na kuendelea na safari. Walimu wa nyuma waliongeza: akifika salama na akili yake ikatulia, arudi kusali sala nzima. Dereva wa njia ya Bunia na Komanda angeelewa sheria hiyo bila mwalimu.

Na yule ambaye hajui Kiebrania? Mishna ileile inaruhusu Shema, Amida na shukrani ya chakula kwa luga yoyote. Abayudaya hawakukosea kusali Kiluganda. Rabi Nachman wa Bratslav, huko Ukraine, aliyeishi kati ya 1772 na 1810, alikwenda mbali zaidi: aliomba wanafunzi wake wajitenge kila siku kwa saa moja, porini ao chumbani, wakiongea na Mungu kwa luga ya nyumbani, sawa vile mtu anaongea na rafiki. Anayekosa maneno arudilie neno moja tu. Anayekosa hata hilo alie. Zoezi hilo linaitwa hitbodeduti, maana yake kujitenga. Yeye alitafuta ule upweke ambao wengine wanalazimishwa.

Kadishi bila watu

Jambo moja bado linauma, nalo ni Kadishi. Kwa siku saba za kilio, watu wanakuja kusali nyumbani kwa aliyefiwa ili apate wale kumi. Korona ilikata hiyo. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, siku ileile Kinshasa ilipofunga makanisa, Rais Yoweri Museveni naye alisimamisha mikutano ya sala Uganda. Dunia nzima Wayahudi walizika wazazi, kisha wakarudi nyumbani bila mtu wa kuitikia «amina».

Hapo marabi waligawanyika. Wale wa kundi la Conservative, ambao Abayudaya wengi wanafuatana nao, waliruhusu mwaka wa 2020 kwamba kwa muda wa shida watu kumi waonane kwa intaneti na Kadishi isemwe. Marabi wa Orthodox wengi walikataa: picha kumi kwenye kioo si watu kumi katika chumba. Pande zote mbili zina hoja. Wa kwanza walimwona mjane analia peke yake. Wa pili waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa mara moja, watu hawatarudi kukaa pamoja. Na kwa wanaoshika sheria yote, siku ya posho, yaani Sabato, telefone haishikwi hata hivyo.

Asiyekuwa na kumi anafanya nini? Desturi inamwonyesha njia zingine za kuheshimu marehemu: kusoma Zaburi, kujifunza kipande cha Mishna kwa jina lake, kutoa sadaka kwa maskini. Anaweza pia kuomba mtu wa mji mwingine, penye minyani, aseme Kadishi kwa niaba yake.

Kwa Myahudi ambaye kazi imemleta Bunia leo, mambo ya kujua ni machache. Yerusalemu iko karibu kaskazini kabisa, ikiinama kidogo mashariki. Jua linazama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo saa ya kuwasha mishumaa ya Sabato, jioni ya siku ya tano, haibadiliki sana. Neno «shalom» atalisikia makanisani na kuliona kwenye kibao cha Chuo Kikuu cha Shalom. Wenzake tisa atawakosa. Walio karibu naye zaidi kwa barabara wako Uganda, na Nabugoye, ambako sinagogi kubwa mpya ilifunguliwa mwaka wa 2016, wanasali kila Sabato asubui. Uganda iko saa moja mbele ya Bunia.