Ngitili: akiba ya majani iliyowahi kupotea Shinyanga

Ndugu mfugaji, neno ngitili ni la Kisukuma. Ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, majani yakue bila kuguswa, kisha kinafunguliwa katikati ya kiangazi kwa ng'ombe wa kulimia, ndama na ng'ombe wa maziwa. Maksai akifika msimu wa kulima amekonda, jembe halivutwi, mbegu inachelewa na mvua inakupita. Wazee walilijua hilo kabla hatujaanza kusema mabadiliko ya tabianchi.

Sasa ilipoteaje? Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kufukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka. Kisha miaka ya 1974 na 1975, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, na kisicho na mwenyewe kikawa cha kila mwenye panga na kila mwenye kundi. Kwangu mimi, hili la mwisho ndilo lililoumiza zaidi, maana mti uliokatwa huchipua, lakini sheria ya kijiji ikivunjika hairudi yenyewe.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni nguvu iliwekwa kwenye vitalu vya miche. (Sisi maofisa tunapenda sana miche, inahesabika kwenye ripoti.) Lakini ardhini kulikuwa na visiki hai na mbegu, na eneo likifungwa vinarudi bila kumwagiliwa. Mradi ukageukia ngitili. Dagashida, baraza la Wasukuma, likapanga faini, na sungusungu wakalinda. Kufikia miaka ya 2000 makadirio yalipita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta.

Wafanyabiashara nanyi mna lenu humo: nyasi za kuezekea, asali, uyoga, fito, dawa za miti. Vijiji vingine vilijenga madarasa kwa mapato ya ngitili ya pamoja.

Ukitaka kuanza, huhitaji eneo kubwa. Weka mpaka sasa, kabla ya mvua, mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji, na mkubaliane faini iandikwe kwenye muhtasari wa kijiji. Visiki usiving'oe. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka kila kisiki, mengine punguza.