Stahiki ya Shapley: kugawana faida iliyopatikana kwa pamoja

Watu watatu wanataka kwenda kuvua. Mmoja ana mashua isiyo na tanga; wawili wana mashine, kila mmoja yake. Mashua ikifungwa mashine moja, faida ni shilingi 60,000. Mashine ya pili haiongezi hata senti. Kila mmoja apate kiasi gani?

Njia ya kujibu ilitolewa mwaka 1953 na Lloyd Shapley, mwanahisabati wa Marekani. Chukulia kwamba wanajiunga mmoja mmoja, kwa kila mpangilio unaowezekana. Tazama kila anayeingia anaongeza nini, yaani mchango wake wa nyongeza, kisha tafuta wastani: huo ndio stahiki yake.

Watu watatu wana mipangilio sita. Mwenye mashua akitangulia haongezi kitu. Akiingia wa pili au wa tatu anakuta mashine inamngoja, na 60,000 zote zinatokana na kuingia kwake. Hilo hutokea mara 4 kati ya 6, hivyo anapata 40,000. Mwenye mashine huongeza mara moja tu, pale anapomfuata mwenye mashua kabla ya mwenzake: 10,000.

Tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi ya Kiingereza, Shapley value, ni “thamani ya Shapley”. Kihisabati haina kosa, ila thamani humpeleka msomaji kwenye bei ya kitu, ilhali hapa tunazungumzia fungu la mtu. Mimi nachagua stahiki. Shapley alithibitisha kuwa ndiyo kanuni pekee inayogawa faida yote, inayowapa sawa wenye mchango sawa, isiyompa kitu asiyeongeza kitu, na ambayo mafungu yake hujumlika michezo miwili, yaani hali mbili za ushirikiano kama hii, inapounganishwa.

Stahiki isichanganywe na kiini, yaani migawo ambayo hakuna kundi linaloweza kujitoa likafaidi zaidi. Katika mfano wetu kiini kina mgawo mmoja tu: mwenye mashua achukue zote 60,000, kwa sababu wenye mashine watashindana kushusha madai yao hadi sifuri. Huo ni uthabiti. Kuuita haki ni kuwaonea wawili hawa.

Lakini stahiki nayo inaweza kuvunjwa. Mwenye mashua na mwenye mashine mmoja wana 50,000 kati yao. Wakimwacha wa tatu watagawana 60,000. Kwa hiyo wanaotaka kuifuata wafunge mkataba kabla mashua haijatoka.