Kalenga Mbele ya Wapanga Njia

Kijiji cha Kalenga kiko kiasi cha kilomita 15 magharibi ya mji wa Iringa, kando ya njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mgeni asiyeijua tarikhi yake aweza kukipita bila ya kugeuza shingo, kwa kuwa ngome iliyokuwa fahari ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, imebaki mabaki machache ya ukuta, na lililo mashuhuri hapo leo ni nyumba ndogo ya makumbusho ambamo fuvu la kichwa chake limehifadhiwa. Hata hivyo mahali hapa pana habari inayowahusu sana wanaotafuta riziki kwa utalii katika Nyanda za Juu Kusini, hasa katika zama hizi ambapo msafiri huanza safari yake kwa kuandika maneno mawili matatu katika simu na kuliandama lile litokealo juu kabisa. Katika muda wa kiasi cha miaka 150, Kalenga imekwisha kupandishwa na kushushwa mara kadhaa na watu wenye uwezo wa kuamua kipi kitangulie kuonekana na kipi kisahauliwe. Na kila mara kanuni ya kupanga ilipobadilika, wenyeji hawakuulizwa.

Katika miaka ya 1870 na 1880 mpangaji alikuwa ni kirangozi wa msafara pamoja na tajiri aliyemwajiri. Njia kuu ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora na Ujiji. Ile ya kusini ilitoka Kilwa ikaelekea Ziwa Nyasa. Nayo Uhehe ilikuwa baina ya mbili hizo, kando ya pembe na vitambaa vilivyokuwa vikipita. Munyigumba, aliyefariki mwaka 1879, alizikusanya koo nyingi chini ya himaya moja, na mwanawe Mkwawa, alipokwisha kuushika utawala, hakukaa kungoja biashara imfikie, bali aliwapeleka askari wake hata wakaigusa njia yenyewe ya kati, wakaishambulia misafara na kuzitoza nchi za jirani, na huko pwani jina la Wahehe likawa halitajwi pasipo hofu. Ndivyo Kalenga ilivyojulikana: njia iliyokuwa ikiiambaa ililazimishwa kuitambua.

Sifa hiyo ndiyo iliyomvuta Mdachi, yaani Mjerumani. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, kiliangamizwa Lugalo, naye mwenyewe akauawa hapo. Miaka mitatu baadaye Gavana Friedrich von Schele alikuja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikavunjwa. Mkwawa alitoka akiwa hai, akaendelea kupigana vita vya msituni mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua kwa risasi Mlambalasi ili asitiwe mikononi mwa adui waliokuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake.

Lakini lililoishusha Kalenga kwa muda mrefu kuliko mizinga ni jambo lisilokuwa na kishindo. Mwaka 1896 Tom von Prince alijenga boma jipya juu ya uwanda ulio mashariki ya kijiji, na boma lilipohama vilihama pamoja nalo soko, kodi, baraza la hukumu, barabara, na hata jina lenyewe. Kwani katika maandishi ya mwanzo ya Wadachi ngome ya Mkwawa ndiyo iliyoitwa Iringa, na baada ya hapo Iringa ikawa ni mji wa bomani, na Kalenga ikatajwa kuwa Iringa ya zamani. Hakuna aliyeandika kwamba Kalenga ifutwe. Walichofanya ni kubadili mahali ambapo kila karatasi, kila ramani na kila mpagazi angeelekezwa, na hilo peke yake lilitosha.

Watu wakaendelea kukumbuka. Habari ya kichwa cha Mkwawa kilichokatwa na kupelekwa Ulaya ilibaki kuwa deni lisilolipwa, ikazungumzwa na wazee mbele ya watoto, na ilikuwa na nguvu ya kutosha hata Waingereza, walipoitwaa nchi, wakaona ina manufaa kwao kuidai. Basi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani iliamriwa kurudisha mambo mawili katika muda wa miezi sita: Msahafu wa Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza. Ni jambo la kumtia mtu fikra kwamba mtwa wa Uhehe na Khalifa wa tatu wa Uislamu walikutana katika kifungu kimoja cha mkataba wa mataifa makubwa, ilhali wengi wa waliotia saini hawangeweza kuionyesha Kalenga katika ramani. Miezi sita ikapita, ikapita miaka zaidi ya 30, na fuvu halikurudi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu namna lilivyopatikana ina mafunzo kwa kila anayetegemea mtambo wa kutafuta. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining wa Tanganyika alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalikuwa yameandikwa kwamba yametoka katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakapimwa, na vipimo vikalinganishwa na vile vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, hata yakabaki machache yaliyokaribiana. Na katika hayo machache moja likaonekana lina tundu la risasi, nalo ndilo lililochaguliwa. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alimkabidhi fuvu hilo Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, hapo hapo Kalenga, na kijiji kilichokuwa kimesahauliwa na ramani kikasimama tena mbele ya dunia.

Atazamaye kazi ile ataona kwamba ilikuwa ni upangaji kamili: palikuwa na ghala kubwa mno kwa mtu kulikagua moja moja, pakawekwa vigezo, vigezo vikachuja, na kilichobaki juu kikatangazwa kuwa ndicho. Vigezo vile vilikuwa ni vya watu waliokipa kipimo cha mfupa uzito ambao wengi wetu leo hatungeukubali, na wanazuoni kadhaa baadaye wametia shaka iwapo fuvu hilo ni la Mkwawa kwa yakini. Kilichokuja juu ni kile kilichoafikiana zaidi na kanuni, na kuafikiana na kanuni ni jambo moja, kuwa kweli ni jambo la pili. Lakini yasisahauliwe na haya: lau kama Wahehe wangaliinyamazia habari ile kwa miaka 55, hakungekuwa na mtu wa kwenda Bremen kutafuta chochote.

Baada ya hapo zikaja barabara za lami na vitabu vya wasafiri. Hifadhi ya Ruaha iliundwa mwaka 1964, na kwa kuwa njia yake inapita jirani na Kalenga, kijiji kilipata bahati ya kuwa kituo cha nusu saa kwa waendao kutazama tembo.

Kisha ukaja mtandao. Injini za kutafuta za mwanzo, kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, zilitazama zaidi maneno yaliyomo ukurasani, na aliyelirudia neno mara nyingi alihesabiwa kuwa mjuzi wa jambo. Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google mwaka 1998, waliingia kwa mlango mwingine: ukurasa upimwe kwa kurasa nyingine zinazoutaja na kuuwekea kiungo, na kiungo cha mwenye hadhi kiwe na uzito kuliko cha asiyejulikana. Msomaji aliyelelewa katika elimu ya Hadithi ataitambua upesi fikra hii, maana inafanana na isnadi, ambamo habari haipimwi kwa matni yake peke yake bali na kwa walioipokea na kuisimulia. Tofauti ni kwamba maulamaa waliwachunguza wapokezi kwa majina na mienendo yao, na mtambo haukuwa na macho ya namna hiyo. Hivyo haikuchukua muda ushahidi ukaanza kununuliwa.

Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wenye kampuni za safari wa kwetu waliingia katika soko hilo wakati kanuni zake zilipokuwa karibu kupinduliwa. Februari 2011 Google ilitoa badiliko lililoitwa Panda, likazishusha kurasa zilizonakiliwa na zisizo na kitu ndani yake. Aprili 2012 likaja Penguin, likawaangukia walionunua viungo. Aprili 2015 zikapendelewa kurasa zinazosomeka vizuri katika simu. Na mwaka 2019 likaja BERT, lililokusudia kuelewa jumla ya sentensi badala ya neno moja moja, likianza na Kiingereza. Haya ni yale yenye majina tu, kwani kampuni yenyewe husema kwamba hufanya mabadiliko maelfu kila mwaka. Aliyekuwa katika ukurasa wa kwanza jioni aliamka asubuhi yuko wa tano, na simu ya kuulizia safari haikulia tena, pasipo barua wala sababu.

Nawahurumia kwa dhati waliopatwa na hayo, hasa wadogo ambao msimu mmoja mbaya kwao ni ada ya shule isiyolipwa. Lakini naona wengi walikimbilia dawa isiyofaa, wakawa wanaifukuza kila kanuni mpya kama walivyoifukuza ya zamani, wakibadili vichwa vya habari na kununua siri kutoka kwa wajuzi wa mjini, ilhali kile ambacho wao peke yao wangeweza kukieleza hawakukiandika. Safari ya kwenda Ruaha yaweza kuelezwa na mtu aliyeketi London. Njia ya kutoka Kalenga hata Mlambalasi, nani alimficha Mtwa katika miaka ile minne na nani alimtoa, ukuta ulipita shamba gani na mawe yake yako katika nyumba zipi sasa: hayo hayawezi kunakiliwa kwa mtu mwingine, kwa sababu hayajaandikwa na mtu mwingine. Waongozaji wanaoyajua, wakaiweka makumbusho katika ramani ya simu pamoja na saa za kufunguliwa na picha walizopiga wenyewe, na wakawaomba wageni waandike walichokiona, wamejipatia ushahidi usionunuliwa, nao huo ndio uliodumu kupita Panda na Penguin.

Jambo linalonisumbua zaidi ni la lugha. Kitabu kikubwa cha mwanzo juu ya Wahehe ni cha Ernst Nigmann, afisa wa Kidachi, kilichotoka mwaka 1908. Makala inayotajwa sana juu ya vita vyao ni ya Alison Redmayne, ya mwaka 1968, kwa Kiingereza. Na Kiswahili kina kitabu cha Michael Musso, ambacho si wengi waliokiona. Mtambo husoma kilichopo. Ukiulizwa habari za Kalenga huokota kwa Mdachi na kwa Mwingereza, kisha humfasiria Mhehe habari za babu yake. Na tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuweka juu ya majibu yake muhtasari ulioandikwa na akili unde, msomaji aghalabu hana haja tena ya kufungua ukurasa wowote. Hupewa sentensi nne zilizokwisha kukatwa makali, na shaka iliyokuwamo katika vitabu huwa ndiyo ya kwanza kuachwa nje.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya Kalenga ni kuandikwa, kwa Kiswahili na kwa Kihehe, kwa jina la msimulizi na tarehe aliyosimulia, masimulizi yanayopingana yakiwekwa ubavu kwa ubavu, na habari ya fuvu ikielezwa pamoja na yale mafuvu 84, vipimo vya Bremen, na hoja za wanaokubali na za wanaokanusha. Wazee waliokuwapo siku ile ya Juni 1954 wamebaki wachache, na aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati ule sasa amevuka 80.