Shairi Chorwa, Wala Si Ushairi Taswira

Neno "ushairi taswira" limeanza kuzoeleka katika semina za fasihi, na hakuna anayeshtuka. Linatumika kutaja ushairi ambao maneno na mchoro vimechapwa pamoja, ukitoa kimoja kingine kinapwaya. Wanakamati waliolipitisha ni wajuzi, hilo halina ubishi. Lakini ujuzi wa kuketi kwenye kamati ni mmoja, na wa kusikiliza lugha ni mwingine.

Taswira tayari ina kazi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Mwananyamala au Mtoni akiulizwa taswira zilizomo katika shairi, anajua anaulizwa nini: ile picha inayojengeka akilini kwa nguvu ya maneno peke yake. Shairi likighaniwa gizani, taswira zake zote zipo. Asiyeona anazipata sawasawa na anayeona. Leo mwanafunzi huyo aambiwe kwamba ushairi taswira ni ule ambao lazima utazamwe kwa macho, na ukighaniwa redioni unapotea nusu, kwenye karatasi ya mtihani ataandika lipi?

Watetezi wa neno hili hukimbilia Kiarabu. Husema taswira na sura zimetoka katika mzizi mmoja, na kwamba huko kwao neno hilo linamaanisha kuchora na hata kupiga picha. Ni kweli. Ila neno likishalowea Uswahilini hufuata mila za hapa, na taswira imelowea katika uhakiki zamani. Haiwezi kurudishwa kwao kwa barua ya kamati.

Wapo pia wa "shairi picha", wengi wao ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Hawa wana nafuu kidogo, lakini picha kwa mkazi wa Dar es Salaam ni ya pasipoti, au ni filamu: "picha linaanza". Jina la namna hiyo litamfanya mtu atafute steringi.

Neno linalofaa ni shairi chorwa.

Kitenzi chora kina historia ndefu kuliko kinavyoonekana. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inakipa maana ya kuchonga nakshi na kuchora, pia ya kuandika ovyoovyo. Yaani mchoro na maandishi vimo ndani yake tangu hapo. Hina huchorwa, piko huchorwa, ramani huchorwa, na mtoto anayeanza kushika kalamu husemwa kuwa anachorachora hata kama yeye anaamini ameandika jina lake. Kijana wa Tandika naye ameongeza lake: akikuambia "nakuchora tu", maana yake anakutazama kimyakimya na kukupima. Kwa hiyo kitenzi kimoja kimekusanya mkono, wino na jicho, vitu vitatu ambavyo ushairi huu unavihitaji kwa pamoja. Taswira ina kimoja tu, tena cha ndani ya kichwa.

Umbo lake nalo halina hila. Tunasema lugha lengwa, hadhira lengwa, makundi lengwa, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Lenga imezaa lengwa. Chora imezaa chorwa. Na isitoshe, wataalamu wa arudhi waliotutangulia hawakuona haya kuita bahari zao kwa kazi za mikono: msuko umetokana na kusuka, pindu na kupinda. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuyaeleza hayo mbele ya jopo fulani. Alijibiwa kuwa neno hilo "halina ladha ya kitaalamu". Ladha yenyewe haikufafanuliwa, chai ikaletwa.

Jopo hilo lingetoka nje likatazama viunoni mwa watu, lingeona shairi chorwa likipita. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyo juu ya pindo la chini. Kitambaa chenyewe kina takriban sentimita 150 kwa 110, na huuzwa doti, yaani vipande viwili. Maneno huchapwa kwa herufi kubwa, mara nyingi ndani ya kijisanduku. Tena huchapwa kwa wino uleule wa maua, korosho au nanasi la kwenye mji, katika mashine ileile. Hakuna mahali mchoraji anapomaliza kazi ndipo mwandishi aanze. Kanga za zamani zilikuwa na majina kwa hati ya Kiarabu. Herufi za Kirumi zilikuja baadaye, na sura ya kitambaa ikabadilika nazo. Kwa kawaida anayetajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno hayo, mwanzoni mwa karne ya 20, ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa jina la Abdulla, aliyefungua biashara yake mwaka 1887.

Sasa litazame jina likiwa kazini. Kanga ikishafungwa kiunoni, mara nyingi maneno huangukia nyuma. Mvaaji hawezi kuyasoma; anayesoma ni anayemfuata. Jirani wa Mbagala anayetaka kumpasha shoga yake hahitaji kufungua kinywa: huchagua doti, hujifunga, hupita mbele ya baraza taratibu. Maana imegawanyika kati ya maneno, rangi, mahali yalipoangukia mwilini na nani yupo nyuma. Mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, ilitoka kanga yenye sura yake katikati na maneno ya kumpongeza. Ile sura bila maneno ni bango la kampeni. Maneno bila ile sura ni kadi ya harusi.

Na kazi hii ya kuchapa kanga imefanyika ndani ya jiji la Dar es Salaam. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kipo Ubungo, iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Upande wa Temeke imekuwapo Karibu Textile Mills, KTM, huko Mbagala.

Wageni nao wana mashairi chorwa yao. Mfaransa Guillaume Apollinaire alichapisha Calligrammes mwaka 1918. Katika miaka ya 1950 Eugen Gomringer huko Ulaya na kundi la Noigandres la São Paulo wakaupa ushairi wa namna hii msimamo na nadharia. Jirani yetu Kithaka wa Mberia, mwandishi wa Bara Jingine (2001), anafahamika kwa mashairi ambayo mpangilio wa maneno karatasini ni sehemu ya maana. Wote hao wanaingia ndani ya shairi chorwa bila kusukumana. Kanga haiingii katika ushairi taswira ila kwa maelezo ya kurasa mbili.

Itasemwa kwamba neno jipya halishiki. Neno kishikwambi, la kutaja tableti, lilichekwa, lakini sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilipowapeleka makarani hadi mlangoni wakiwa na vishikwambi mkononi, kicheko kikaisha. Shairi chorwa lina bahati kubwa zaidi: kitu chenyewe kilishafika majumbani kabla ya neno.

Kuhusu matumizi: wingi ni mashairi chorwa, fani ni ushairi chorwa, mtunzi abaki mtunzi. Asiandikwe "mshairi chorwa", maana huyo atakuwa amechorwa yeye, ingawa katika jopo lililotajwa hapo juu wapo ambao neno hilo lingewakaa vizuri.