Majina Yaliyobaki Ziwani



Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka karibu na Bwiru. Abiria walikuwa wamekwishaanza kuiona Mwanza. Meli ya kubeba watu 430 ilikuwa imejaza kupita kiasi. Serikali ilitangaza vifo 894, na Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo.

Kwa muda meli ilielea tumbo juu, ikishikiliwa na hewa iliyobaki ndani, na watu walisikika wakigonga. Waokoaji walipotoboa tundu ili wawatoe, hewa ile ikatoka na meli ikazama. Walikuwa na nia njema, ila hawakuwa na vifaa wala ujuzi wa kazi ile.

Ndipo walipokuja wapiga mbizi, wakiwemo wa jeshi la majini la Afrika Kusini. Walishuka kina cha mita 25 hivi, wakaingia vyumbani gizani, wakatoa miili mmoja mmoja. Wengi walizikwa Igoma, ambako hadi leo tunakwenda kuwaombea. Kazi ile ilizipa familia nyingi kaburi la kulilia. Wengine hawakupatikana, na ziwa ndilo kaburi lao.

Lakini kuna kitu ambacho mpiga mbizi hawezi kukitoa chini ya maji, nacho ni majina. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mama aliyepanda Kemondo na mikungu yake ya ndizi, akitafuta ada ya mtoto, anakumbukwa na waliomjua tu, na wao wanazidi kupungua.

Tulidhani somo limeeleweka. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikiwa inakaribia Ukara, nayo imejaza kupita uwezo wake. Watu zaidi ya 220 walikufa. Historia isiyoandikwa hujirudia.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba sehemu ya mchango wako itumike kuandika ushuhuda wa manusura, wavuvi waliookoa watu, na familia za marehemu, uwekwe shuleni watoto wausome. Kama nyumbani kwenu kuna jina, tuletee. Jina moja nalo ni mchango.