Kumbukumbu za Tlawi na Kompyuta za Mbali

Historia ya kumbukumbu za utawala katika Tlawi, kata ya Mbulu yenye ziwa la jina hilohilo, ni kwa sehemu kubwa historia ya karatasi, kwa kuwa hata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikitaka kila kijiji kiwe na masjala, yaani mahali pa kutunzia hati na madaftari ya ardhi. Wakati huo kompyuta zilikuwa na zaidi ya miaka 30 nchini Tanzania, kwani Wizara ya Fedha ilipata ya kwanza mwaka 1965; lakini vurugu za hesabu zilizofuata ziliifanya serikali ipige marufuku uingizaji wa mashine hizo mwaka 1974. Katazo hilo, ambalo baadaye lilichekwa sana, halikuwa la kipuuzi katika nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni na wa wataalamu.

Kompyuta ya wingu, yaani matumizi ya mashine, hifadhi na programu zilizo mbali kwa njia ya intaneti, ilipata sura yake ya kibiashara mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi mwezi Machi na uwezo wa kukokotoa mwezi Agosti, mteja akilipia kile tu alichotumia. Kinachowezesha biashara hiyo ni programu inayoigawa seva moja kuwa seva nyingi za kidhahania, hata wateja wasiojuana wakatumia mtambo mmoja bila mmoja kuona data za mwingine, kama wapangaji wa nyumba moja wenye kila mmoja ufunguo wake. Wingu lililo wazi kwa yeyote mwenye kulipa huitwa la umma. Linalohudumia taasisi moja huitwa binafsi.

Tanzania isingeweza kulitumia wingu vizuri kabla ya mwaka 2009, ulipofika Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM na ulipoanza kujengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Mwaka 2017 PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri ambao awali ulisimikwa katika kompyuta za kila halmashauri, ukahamia mtandaoni, hivyo mipango ya kata kama Tlawi ikaanza kuingizwa katika hazina moja ya taifa. Kwa usahihi, hilo si wingu la umma, maana mfumo ni wa serikali, ingawa mtumiaji aliyeko Mbulu haoni tofauti yoyote.

Tofauti hiyo huonekana penye sheria na penye nyaya. Kwa upande wa wingu la umma, Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata mwaka 2020. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mwezi Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki, na aliyekodi seva ng'ambo akabaki na mkataba halali asioweza kuutumia.