Unavuka Burundi au Kongo kutokea Kigoma? Beba hela hivi

Kwa anayefuata mzigo ng'ambo, kosa dogo kwenye kubadilisha hela linakula mtaji. Zingatia haya kabla hujavuka.

Burundi (kupitia Manyovu): Inatumika faranga ya Burundi. Kwa miaka mingi bei rasmi na ya mtaani zimepishana sana, hivyo ukilipa kwa kadi unahesabiwa bei rasmi na unapata faranga chache. Lakini wabadilishaji wa mtaani hawana leseni wala risiti. Ukipewa noti feki au pungufu, huna pa kulalamika.

Kongo (Kalemie, Uvira): Dola inatumika sambamba na faranga ya Kongo. Shida ni hali ya noti: iliyochanika hata kidogo pembeni inakataliwa. Kagua dola zako moja moja palepale dirishani benki, kabla hujasaini. Chukua na noti ndogo ndogo, maana chenji mara nyingi inarudi kwa faranga.

Kiasi: Ukibeba dola 10,000 au zaidi, au thamani yake kwa fedha nyingine, lazima utoe tamko kwa maofisa wa forodha mpakani. Usiweke zote sehemu moja, na usizihesabu hadharani bandarini au stendi.

Ukirudi: Maliza faranga ukiwa hukohuko, mbali na mpaka ni ngumu kupata wa kuzinunua. Dola zilizobaki zipeleke benki. Tangu Machi 28, 2025, kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania ni marufuku.